Noti ya Elfu Moja Iliyokufa: Kisa cha Kenya, Juni hadi Septemba 2019

Kila watu wakianza kuongea kuhusu ile ishu ya 2019 ya kuondoa noti za zamani za elfu moja Kenya, haipiti muda kabla mtu hajatoa namba moja, bilioni 7.4. Eti hizo ndo pesa za wezi zilizonaswa, wakashindwa kuzirudisha zikaozea kwa magunia. Nimeisikia kwa matatu, nimeisikia kwa runinga, na hata watu wanaofanya kazi benki wanaisema. Mimi naona hiyo namba inasomwa vibaya na inatufanya tusione kile operesheni ilifanya vizuri na kile haikufanya kabisa, kwa hivo acha nikipitie kisa chote tangu mwanzo, manake kina mambo mawili yaliyofungwa pamoja, moja la sheria na lingine la pesa chafu, na watu wengi wanayachanganya.

Tuanze na sura za watu kwenye pesa. Kabla ya uhuru tulikuwa tunatumia pesa za Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, iliyoanzishwa 1919 na makao yake yakiwa London. Ilianza na rupia, ikapita florini kwa muda mfupi, halafu shilingi ikashika kuanzia miaka ya mwanzo ya 1920. Zilikuwa na sura za wafalme wa Uingereza, kisha malkia. Benki Kuu ya Kenya ilianzishwa 1966, na noti zetu za kwanza zikatoka 14 Septemba 1966, za shilingi 5, 10, 20, 50 na 100, zote na picha ya Mzee Jomo Kenyatta. Mzee akafariki 1978, Moi akashika, na kuanzia 1980 pesa zikawa na sura ya Moi. Noti ya 200 ikaja 1986, ya 500 ikaja 1988, na ile ya elfu moja yenyewe, ambayo ndo mhusika wetu hapa, ikatoka 1994.

Huo mwaka 1994 una maana yake. Ilikuwa baada ya uchaguzi wa 1992 na ile kashfa ya Goldenberg ya pesa za umma, wakati pesa zilimwagwa kwa mzunguko mpaka mfumuko wa bei ukapita asilimia 40 mwaka 1993. Noti ya 500 yenyewe watu wa mtaa waliibatiza Jirongo, jina la mwanasiasa Cyrus Jirongo, kwa sababu ya vile zilivyotapakaa kampeni za 1992. Kwa hiyo elfu moja ilizaliwa shilingi ikiwa imeshachoka, mtu akienda kununua kitu cha maana anabeba bunda, ikabidi noti kubwa zaidi itoke. Na tangu siku hiyo hadi leo hakuna noti kubwa kuliko hiyo Kenya. Maana yake ni kwamba yeyote aliyetaka kuficha thamani kubwa kwa shilingi, awe mtu wa rushwa, mtu wa magendo, au mama tu aliyeuza shamba na haamini benki, wote walikuwa wanaficha noti ileile moja.

Kibaki alipoingia mwisho wa 2002 sura ya Moi ikaondoka taratibu na Mzee Jomo akarudishwa. Halafu ikaja katiba mpya, 27 Agosti 2010, na kifungu cha 231 kikasema wazi kwamba noti na sarafu zinaweza kuwa na picha zinazoashiria Kenya au jambo la Kenya, lakini zisiwe na picha ya mtu binafsi. Nadhani ni moja ya vifungu bora kabisa vya ile katiba, kwa sababu kilikata mchezo wa kila rais kuingia na sura yake mfukoni mwa watu. Pesa zilizokuwa zimeshatoka kabla ya katiba ziliachwa ziendelee kuwa halali.

Sasa kama una noti ya zamani ya Mzee imebaki nyumbani, hebu itoe uiangalie. Nyingi ya zile za mwisho mwisho zimechapwa tarehe 16 Julai 2010, wiki chache tu kabla ya katiba kutangazwa. Na noti za hiyo tarehe tuliendelea kuzitumia mwaka baada ya mwaka, 2012, 2015, 2018, nyingine ukizipata zimenyooka na zinanuka wino kama zimetoka kiwandani jana. Yaani kwa miaka karibu tisa nchi iliishi na katiba inayosema hakuna sura ya mtu na mfuko unaosema Mzee yuko.

Kwa nini ikachukua muda wote huo? Sehemu kubwa ni zabuni. Kazi ya kuchapa ilikuwa ya De La Rue ya Uingereza, waliokuwa na kiwanda Ruaraka pale Thika Road, na walipopewa tena kandarasi ya noti mpya mambo yakaenda mahakamani. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ikaibatilisha, kwa sababu kampuni ilipewa upendeleo wa asilimia 15 unaowahusu wazawa, baadaye Mahakama ya Rufaa ikairudisha. Sarafu ndo zilitangulia, 11 Desemba 2018, ya shilingi 1 ikiwa na twiga, 5 kifaru, 10 simba, 20 ndovu. Wanyama tu, na hakuna aliyegombana nao.

Halafu ikafika Madaraka ya 2019, tarehe 1 Juni, sherehe zikiwa Narok. Gavana wa Benki Kuu, Patrick Njoroge, akasimama akatangaza noti mpya, 50, 100, 200, 500 na 1000, zote mbele zina jengo la KICC, lile la mikutano la Kenyatta pale Nairobi, nyuma kila moja ina mnyama wake kati ya wale wakubwa watano na mada yake, ya 50 inahusu nishati safi, 100 kilimo, 200 huduma za jamii, 500 utalii na 1000 utawala. Mpaka hapo ilikuwa habari ya kawaida ya kutimiza katiba. Lakini hakuishia hapo. Akasema noti zote za zamani za elfu moja zitaacha kuwa pesa halali ikifika tarehe 1 Oktoba 2019. Zile nyingine za zamani, 50 mpaka 500, ziendelee tu sambamba na mpya. Tangazo lilikuwa tayari limeingia gazeti rasmi la serikali siku moja kabla.

Hapa ndo pale ninaposema mambo mawili yalifungwa pamoja. Katiba haikudai noti ya zamani ya elfu moja iuawe. Ingekuwa ni suala la katiba peke yake, noti za zamani zote zingeachwa zichakae zenyewe benki zikizikusanya pole pole, kama ilivyofanyika kwa 50, 100, 200 na 500. Kuua elfu moja ulikuwa uamuzi tofauti wenye sababu tofauti, na gavana alizitaja wazi, mzunguko wa pesa haramu na noti feki. Machi ya huo mwaka wapelelezi walikuwa wamekuta lundo la noti feki za kigeni kwenye sanduku la kukodi ndani ya tawi la benki moja Nairobi, kwa hiyo hofu ya feki haikuwa ya kubuni. Lakini uamuzi ulipanda gari la katiba, na mimi sioni kama ni vibaya. Kuchapa noti mpya ni gharama kubwa, ukishaamua kuichapa ndo wakati mzuri wa kumaliza ya zamani, ukikosa nafasi hiyo unangoja miaka mingine.

Kwa utaratibu, benki zilitakiwa kumtambua mtu kabla ya kubadilisha, na ukiwa na zaidi ya milioni 5 ilibidi upate kibali cha Benki Kuu yenyewe. Hiki kitu kidogo ndo moyo wa mpango wote. Kubadilisha karatasi ya zamani kwa karatasi mpya hakusafishi wala hakunasi chochote, kinachonasa ni lile dirisha unalopita ukiwa na kitambulisho mkononi na swali la umetoa wapi.

Ndani ya siku chache Benki Kuu za Tanzania na Uganda nazo zikasitisha kubadilisha shilingi ya Kenya kwao. Hii haikuzungumzwa sana lakini kwangu ni kati ya hatua zenye akili zaidi, kwa sababu njia rahisi kuliko zote ya kukwepa dirisha la Nairobi ilikuwa kuvusha bunda Namanga au Busia, ulibadilishe liwe shilingi za kule au dola, na benki za kule zije kuirudishia Kenya zile noti kwa njia ya kawaida, safi kabisa. Mlango huo ulifungwa mapema. Walioumia ni wafanyabiashara wadogo wa mpakani, wale wa kuvuka asubuhi na nyanya na kurudi jioni na unga, ambao pesa za nchi mbili kwao ni kitu cha kila siku.

Kesi nazo zikaja. Mwanaharakati Okiya Omtatah na wengine walikwenda mahakamani wakidai noti mpya bado zinavunja katiba, kwa sababu mbele ya hilo jengo la KICC kuna sanamu ya Mzee Kenyatta na inaonekana kwenye noti. Watu walipasuka katikati. Wengine waliona ni ushindani wa bure, wengine wakasema angalia rais wa wakati huo, Uhuru Kenyatta, ni mtoto wa nani, na jengo lenyewe limeitwa kwa jina la nani. Binafsi naona hoja ya Omtatah ilistahili kusikizwa kwa makini, kifungu kiliandikwa kuzuia kitu kile kile watu walichokuwa wanakihofia. Lakini ukiishika noti yenyewe, jengo ndo limejaza picha, sanamu imekaa kidogo miguuni pake kama inavyokaa ukisimama pale uwanjani. Majaji watatu waliikataa kesi tarehe 27 Septemba, siku chache kabla ya muda kuisha. Huku nyuma kwa miezi mitatu na zaidi kulikuwa na watu walioshikilia noti zao wakingoja mahakama iseme mpango wote ni batili, na kwa hao hukumu ilitoka ikiwa imebaki wikendi na Jumatatu moja tu.

Sasa mtaani ilikuwaje. Shangazi yangu anauza viazi na vitunguu Kongowea, Mombasa, na yeye ni mtu wa pesa taslimu kabisa, M-Pesa anaitumia lakini akiba anaifunga kwenye leso. Juni na Julai hakujali, elfu ni elfu. Agosti nilipopita nikakuta ana vibeti viwili kiunoni, kimoja cha pesa za Mzee kingine cha pesa za jengo, mteja akitoa elfu ya Mzee anaipokea lakini chenji anatoa kwa noti ndogo ili asije akaonekana anasukuma za zamani kwa watu. Jioni kibeti cha Mzee kinakwenda kwa wakala wa M-Pesa kinakuwa salio. Septemba ikaanza, wakala naye akaanza kulegea, mara asubuhi tu ndo anapokea, mara asipokee zaidi ya kadhaa, manake yeye ndo anayebaki nazo na kupanga foleni ya benki. Wiki ya mwisho wenye maduka ya jumla pale wakabandika makaratasi kwamba elfu ya zamani haipokelewi, ilhali kisheria ilikuwa bado pesa halali kabisa.

Hilo la mwisho nataka tulikalie kidogo. Tarehe ya kisheria ilikuwa 30 Septemba usiku, lakini tarehe ya soko ilikuwa kabla ya hapo. Noti haifi siku serikali imesema, inakufa siku mtu wa mbele yako anapoogopa kwamba mtu wa mbele yake ataikataa. Kila mtu anajipa siku chache za usalama, na hizo siku zikijumlishwa kwenye mnyororo wa mkulima, dalali, muuzaji wa jumla, wa rejareja na wakala, unakuta wa mwisho kabisa kwenye mnyororo, mkulima wa ndani asiye na benki karibu, muda wake halisi ulikuwa mfupi sana kuliko zile siku 122 zilizotangazwa. Kwa hiyo anayepanga muda wa kubadilisha pesa asihesabu kutoka kwa mtu mwenye akaunti mjini, ahesabu kutoka kwa huyu.

Pamoja na hayo, mpango ulienda salama. Hakukuwa na ile hali ya nchi kusimama. Na ili uone vile hili si jambo dogo, angalia wengine. India, 8 Novemba 2016, waziri mkuu Modi alitangaza usiku kwamba noti za rupia 500 na 1000 zimekwisha kuanzia usiku uleule wa manane, na hizo zilikuwa asilimia 86 ya thamani yote ya pesa taslimu zilizokuwa mikononi mwa watu, wakapewa mpaka mwisho wa Desemba kuzipeleka benki. Foleni zake dunia nzima iliziona. Nigeria walitangaza Oktoba 2022, noti mpya zikaanza kutoka katikati ya Desemba, muda wa mwisho ukawa 31 Januari 2023, ukasogezwa hadi 10 Februari, na noti mpya zenyewe hazikutosha, watu wana salio benki lakini hawana hela ya kupanda basi, mpaka Mahakama ya Juu Machi ikaamuru za zamani ziendelee hadi mwisho wa mwaka. Uganda 1987 ilikuwa kali zaidi kwa namna yake, shilingi 100 za zamani zikawa 1 mpya na juu yake asilimia 30 ikakatwa kama kodi ya kubadilisha, yaani ukipeleka pesa zako zinarudi pungufu.

Kenya ilikwepa haya yote kwa mambo yasiyo na makeke. Ilikuwa noti aina moja tu, si mbili wala zote. Chenji za kila siku, 50, 100, 200, 500, ziliendelea bila kuguswa, kwa hiyo hakuna aliyekosa nauli. Noti mpya zilikuwa zimeshachapwa kabla ya tangazo. Muda ulikuwa miezi minne. Na tangu 2007 kulikuwa na M-Pesa, kwa hiyo mtu asiye na akaunti ya benki alikuwa bado na mahali pa kuigeuza karatasi kuwa salio, karibu na nyumbani, bila kupanda gari kwenda mjini. Nadhani hili la M-Pesa limepewa sifa ndogo kuliko inavyostahili, manake lilifanya kazi ya matawi ya benki yasiyokuwepo. Na gavana alishikilia msimamo tangu mwanzo kwamba muda hautaongezwa, na haukuongezwa, tofauti na kule Nigeria ambako kila kusogeza tarehe kulifundisha watu kutoamini tarehe inayofuata.

Tarehe ikapita, hesabu zikatoka. Wakati mpango unaanza kulikuwa na noti za zamani za elfu moja 217,047,000 nje, yaani shilingi bilioni 217. Zilizorudi ni 209,661,000. Zilizobaki huko nje ni 7,386,000, ndo hiyo bilioni 7.386 inayozunguka midomoni mwa watu. Na miamala iliyotiliwa shaka na kuwekwa alama ilikuwa 3,172.

Sasa tuipige hesabu hiyo 7,386,000 pole pole. Ni asilimia 3.4 ya zote. Asilimia 96.6 zilirudi. Agosti ya mwaka huohuo kulikuwa na sensa, na Kenya ilikuwa na watu milioni 47.6 kwenye kaya kama milioni 12.1. Gawanya noti zilizopotea kwa idadi ya kaya unapata 0.6. Maana yake, kama kaya sita kati ya kumi zilipoteza noti moja tu kila moja, moja tu, tangu noti hiyo ianze kutoka 1994, basi umeshaimaliza bilioni 7.4 yote bila kumtaja mwizi hata mmoja. Fikiria miaka 25 ya nyumba kuungua, mafuriko, noti iliyofuliwa ndani ya suruali, iliyoliwa na mchwa kwenye sanduku la marehemu asiyemwambia mtu, iliyokaa kwa wakusanyaji wa noti, iliyobebwa na Mkenya kwenda Marekani ikasahaulika kwenye begi, na zile zinazozunguka upande wa pili wa mpaka, hata maeneo ya Somalia yanayopakana nasi ambako shilingi yetu inapokelewa sokoni. Ukweli ni kwamba ningeshangaa kama zingepotea chache zaidi ya hapo.

Sisemi hakuna pesa ya wizi ndani ya hizo bilioni 7.4. Bila shaka ipo. Ninachosema ni kwamba hiyo namba haiwezi kukuambia ni kiasi gani, kwa sababu bibi aliyesahau na mlanguzi aliyeogopa wanaingia kwenye hesabu ileile, karatasi haibebi jina. Na India ilishatuonyesha hili kabla yetu, kule zaidi ya asilimia 99 ya noti zilirudi benki, na wale waliotarajia rundo la pesa chafu kubaki nje wakaambulia patupu.

Geuza upande wa pili sasa, zile bilioni 209 zilizorudi. Je, kurudi kunamaanisha zilikuwa safi? Hata kidogo. Mtu mwenye milioni 50 za rushwa chini ya kitanda alipewa miezi minne. Ana ndugu, ana dereva, ana wafanyakazi, ana biashara ya kuuza vinywaji ambayo mauzo yake hakuna anayeyahesabu vizuri. Anagawa milioni moja huku, laki nane kule, nyingine analipia ng'ombe, nyingine anaweka kama mauzo ya siku kidogo kidogo, nyingine ananunua dola kwa mtu asiyeuliza maswali. Muda uleule mrefu uliomwokoa shangazi yangu Kongowea ndo uliompa nafasi huyu. Hapa hakuna njia ya kupata vyote viwili. Ukifupisha muda unawabana wezi kidogo na kuwaumiza maskini sana, kwa sababu mwizi mkubwa ana watu wa kumpangia foleni na maskini anapanga mwenyewe. Ukiurefusha unamlinda maskini na mwizi anapata pumzi. Benki Kuu ilichagua kurefusha, na mimi ningechagua hivohivo bila kufikiria mara mbili. Lakini ukishachagua hivo huwezi tena kusimama ukasema lengo lilikuwa kuozesha pesa za wezi.

Tena wezi wakubwa wa kweli hawakai na shilingi. Pesa ya wizi ikishakuwa kubwa inakuwa ghorofa Kilimani, inakuwa shamba, inakuwa akaunti ya ng'ambo. Noti chini ya godoro ni hatua ya mpito tu, ya siku au wiki. Operesheni ya noti inamkamata aliyekuwa njiani siku hiyo, hao walioshafika haiwagusi.

Kwa hiyo kipimo cha haki cha kile kisa ni ile namba ndogo ambayo hakuna anayeikumbuka, 3,172. Hiyo ndo matunda ya dirisha na kitambulisho. Kila mmoja wa ile miamala una mtu nyuma yake mwenye jina, tawi, tarehe na kiasi, na hiyo ni kitu mpelelezi anaweza kuanza nacho kazi, tofauti na noti iliyozikwa shambani isiyomwambia mtu chochote. Kama ningekuwa mhariri wa gazeti siku zile, kichwa cha habari kingekuwa hizo 3,172, na kila mwaka ningeuliza ngapi zimefika kortini. Tulishangilia bilioni 7.4 kwa sababu ni kubwa na inatamkika, tukaacha swali lenye jibu linaloweza kutafutwa.

Kuna upande mwingine wa ile bilioni 7.4 ambao ni wa kihasibu na hauzungumzwi sana. Noti ni deni la Benki Kuu kwako wewe uliyeishika, kwenye vitabu vyao noti zote zilizo nje zimeandikwa upande wa madeni. Noti ikifa bila kurudi, deni hilo linafutika. Yaani Benki Kuu ilitoka kwenye hili zoezi ikiwa na mzigo wa bilioni 7.386 pungufu. Ndo maana naona suala la nani hasa alipoteza zile noti si la udadisi tu, kwa sababu kama sehemu kubwa ni za watu wa kawaida, wazee wa vijijini waliosikia habari imeshachelewa, basi ilikuwa kodi ndogo waliyolipa wale wasiojiweza kuliko wote. Shilingi 155 kwa kila Mkenya ukigawa sawa, lakini hasara haikugawanywa sawa, wengi hawakupoteza chochote na wachache walipoteza yote waliyokuwa nayo kwenye kopo.

Na hapa ndo ninapoikosoa Benki Kuu, pamoja na sifa zote nilizowapa. Baada ya 1 Oktoba mlango ulifungwa kabisa. Kuna nchi ambazo benki kuu huendelea kupokea noti iliyoondolewa hata baada ya miaka mingi, Benki Kuu ya Uingereza wanapokea noti zao zote za zamani bila kikomo cha muda, unajaza fomu, unaonyesha kitambulisho, wanakurudishia thamani yako. Dukani haitumiki, lakini kwa aliyeitoa deni linabaki deni. Kenya ingeweza kuweka dirisha la namna hiyo, hata la mwaka mmoja, kwa kiasi kidogo tu, tuseme elfu ishirini kwa mtu na kitambulisho chake. Mwizi wa mamilioni asingefaidika na kitu hapo, na mjane aliyefungua sanduku la mume wake Novemba angepata haki yake. Tanzania mwaka 2025 walipoziondoa noti zao za kati ya 1985 na 2003 walitoa miezi mitatu, 6 Januari hadi 5 Aprili, lakini zile zilikuwa noti ambazo mtaani zilikuwa zimeshapotea zamani, kwa hiyo haikumtikisa mtu sana. Ya kwetu ilikuwa noti ya kazi, iliyokuwa mfukoni asubuhi hiyohiyo.

Upande wa noti zenyewe mambo yameendelea kusonga. De La Rue walisimamisha kazi kiwanda chao cha Ruaraka mwaka 2023, watu wakapoteza ajira. Agosti 2024 Benki Kuu ikaanza kutoa noti zenye sahihi ya gavana mpya, Kamau Thugge, mwaka 2024 ukiwa umechapwa juu yake na uzi wa usalama ukiwa umebadilishwa, wakianza na hiyohiyo ya elfu moja, na safari hii hakuna noti iliyouawa, za 2019 zinaendelea kama kawaida. Na zile za zamani za Mzee za 50, 100, 200 na 500 kisheria bado ni pesa, ukipewa chenji nayo usikatae, ni halali kabisa.